Winda kwa macho, mshale uache nyumbani

Mtoto wa mjini siku hizi anamjua simba kwenye televisheni, kwenye pakiti ya biskuti na kwenye shati la timu ya mpira. Muulize tofauti ya nyayo za simba na za fisi, atakukodolea macho. Muulize upepo unavuma kutoka wapi, atakuuliza simu yako iko wapi atazame. Babu yake, awe alizaliwa Mwingi, Kaloleni, Narok au Lambwe, angalijibu maswali hayo mawili kabla hajamaliza kunusa ugoro wake.

Ukurasa huu, msomaji, ni wa kukupeleka mawindoni. Usikimbilie panga wala upinde. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku Mei 1977, na mwaka uliofuata biashara ya pembe, ngozi na vitu vingine vya wanyama pori nayo ikakatazwa. Sheria ya wanyama pori ya mwaka wa 2013 ilikaza zaidi, hata kwa yule anayemtega digidigi mmoja kwa ajili ya kitoweo cha jioni. Mawindo tunayoyazungumzia hapa ni ya macho, masikio na pua. Hata hivyo ujuzi wake ni ule ule wa zamani, na usipoutumia utazunguka mbugani kutwa nzima, ulipe pesa zako, kisha urudi nyumbani na picha tatu za mgongo wa punda milia.

NANI ALIKUWA MWINDAJI, NANI JANGILI?

Kabla ya kufunga safari, ni vyema tujue tulikotoka. Jamii nyingi za nchi hii ziliwinda, na kila moja ilikuwa na miiko yake. Wakamba walisifika kwa mishale. Wagiriama walisifika kwa kupika sumu ya mti wa msunguti, ambayo ikiingia kwenye damu husimamisha moyo. Waata, ambao majirani zao waliwaita Waliangulu, waliishi kando ya mto Galana na walikuwa mabingwa wa kuwinda tembo. Uta wao ulikuwa mgumu kiasi kwamba mwanamume wa kawaida hakuweza kuuvuta hadi mwisho. Walimnyemelea tembo mpaka wakamkaribia kwa hatua chache tu, kisha wakaachilia mshale mmoja.

Wazungu walipokuja waliandika sheria za leseni. Mwenye pesa za leseni akaitwa mwindaji. Asiyekuwa nazo, hata kama ukoo wake uliwinda pale kwa karne nyingi, akaitwa jangili. Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, aliteremka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Katika safari yao iliyopita Kenya, Uganda na kwingineko, baba na mwana waliangusha wanyama 512 kwa hesabu aliyoiandika Roosevelt mwenyewe. Wengi wao walipelekwa kwenye majumba ya makumbusho ya Marekani. Huko ughaibuni neno letu "safari" likaanza kumaanisha kuwinda Afrika.

Lakini bunduki haikuwa na miiko, na baada ya Uhuru iliingia mikononi mwa watu wengi. Miaka ya 1970 na 1980 tembo na vifaru walichinjwa vibaya sana. Julai 1989 Rais Moi aliwasha moto tani 12 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Nairobi ili ulimwengu uone. Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta aliteketeza tani 105 mahali pale pale. Ukipita leo utaona majivu yake.

Baada ya kuyajua hayo, sasa tuingie porini. Tutaizunguka nchi eneo baada ya eneo, na kila mahali tutajifunza jambo moja ambalo wazee wetu walilijua.

NAIROBI: AMKA KABLA YA JUA

Anzia karibu. Mbuga ya Nairobi ilifunguliwa mwaka wa 1946, ya kwanza nchini, na ina kilomita 117 za mraba. Hakuna jiji kuu lingine duniani ambako unaweza kumwona kifaru mweusi akila majani huku nyuma yake majumba marefu yamesimama na treni inapita juu ya nguzo.

Wakazi wengi wa jiji hukosea hapa kwa jambo moja tu: wanafika saa nne, baada ya chai na mandazi. Kufikia saa hiyo simba ameshalala chini ya kichaka, naye hataamka mpaka jioni. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Uwe hapo. Saa mbili za kwanza baada ya mapambazuko na saa mbili za mwisho kabla ya magharibi ndizo saa za mwindaji. Katikati ya mchana ni wakati wa kula, kupumzika na kusimulia hadithi.

Jambo jingine, usiendeshe gari kama unakwenda kazini. Mwendo wa polepole ni sheria ya mbuga, na pia ni hekima. Nenda kidogo, simama, zima injini, sikiliza. Haraka haraka haina baraka. Usitafute mnyama mzima, kwa maana mnyama mzima haonekani. Tafuta sikio linalotikisika, mkia unaofukuza nzi, au mstari uliolala katikati ya miti iliyosimama. Mstari huo mara nyingi ni mgongo wa mtu mwenye pembe!

Ukiwaona twiga wamesimama, wote wanatazama upande mmoja na hawatafuni, geuza kichwa utazame wanakotazama. Wao wako juu, wameona ambacho wewe hujakiona.

TSAVO: FUATA MAJI, SOMA MCHANGA

Kutoka Nairobi, teremka kuelekea Mombasa. Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zilianzishwa mwaka wa 1948, na kwa pamoja zina zaidi ya kilomita 20,000 za mraba. Hapa ndipo simba wawili wasio na manyoya ya shingo walipowala wajenzi wa reli mwaka wa 1898, mpaka Kanali John Henry Patterson alipowapiga risasi. Leo wamesimamishwa, wamejazwa makapi, katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago.

Usiye na gari usikate tamaa. Treni ya Madaraka inayosimama vituo vya kati hukushusha Mtito Andei au Voi, na pale Voi kuna magari ya kukodi ambayo familia mbili au tatu zinaweza kuchangia. Ukiwa ndani ya treni, waketishe watoto karibu na dirisha. Wengi wamemwona tembo wao wa kwanza kabla hata ya kushuka.

Tsavo ni kubwa mno, nawe ukizunguka ovyo utachoka bure. Waata hawakumfuata tembo. Walimngojea mahali ambapo hana budi kuja, yaani kwenye maji. Wakati wa kiangazi, hasa Januari na Februari, na tena kuanzia Julai hadi Oktoba, majani huwa mafupi na visima vichache. Kila mnyama lazima apite hapo. Nenda kwenye mwamba wa Mudanda, mwamba mrefu kama nyangumi aliyelala, wenye bwawa chini yake. Keti juu na unyamaze. Tembo wa Tsavo, waliojipaka vumbi jekundu hata wakafanana na udongo wenyewe, watakuja kwa miguu yao.

Kule Tsavo Magharibi kuna chemchemi za Mzima, ambako maji safi yaliyochujwa na vilima vya Chyulu hububujika kutoka ardhini. Sehemu ya maji hayo husafiri kwa bomba mpaka Mombasa. Kuna chumba kidogo chenye vioo chini ya maji, na mtoto akiwa na bahati atamwona kiboko akitembea sakafuni kama mchezaji wa ngoma.

Hapa pia ndipo pa kumfundisha mtoto kusoma mchanga, lakini mahali paliporuhusiwa kushuka tu. Wayo wa simba na wa chui hauna alama ya kucha, kwa sababu paka hukunja kucha zake anapotembea. Wayo wa fisi na wa mbwa una kucha mbele. Kinyesi cha tembo kikiwa na unyevunyevu na nzi wamekizunguka, mwenyewe hayuko mbali. Kikiwa kikavu kama majani ya chai, ameshakwenda zake tangu juzi.

PWANI: UPEPO USIKUSALITI

Wakazi wa Mombasa wana hazina nyuma ya nyumba, na wengi hawajawahi kuitembelea. Vilima vya Shimba, Kwale, ndipo mahali pekee nchini ambapo palahala anaishi porini. Palahala dume ni mweusi ti, tumbo jeupe, na pembe zake zimejipinda kurudi nyuma kama jambia mbili za Waarabu. Hesabu ya kitaifa ya wanyama pori ya mwaka wa 2021 ilipata palahala 51 tu. Darasa moja la shule ya msingi huwazidi kwa idadi.

Msituni macho hayafiki mbali, ndiyo sababu wazee walitegemea pua na upepo. Kabla ya kunyemelea, mwindaji aliokota vumbi kidogo akaliachilia hewani. Likimrudia usoni, mambo ni sawa. Likienda mbele, harufu yake imemtangulia na mnyama hayupo tena. Nawe basi, siku ya kwenda Shimba, acha manukato nyumbani na usivae shati jekundu au jeupe linalowaka. Mavazi ya rangi ya udongo au majani makavu yanatosha.

Ukishachoka na barabara za msituni, teremka kwa miguu pamoja na askari wa mbuga hadi kwenye maporomoko ya Sheldrick. Muulize askari huyo majina ya miti kwa Kidigo. Utarudi na elimu kuliko ya kitabu.

KASKAZINI: JUA LINAPOKAZA

Pita Isiolo, ukifika Archer's Post utaukuta mto Ewaso Ng'iro na mbuga tatu zilizoukumbatia: Samburu, Buffalo Springs na Shaba. Barabara yote ni ya lami mpaka hapo.

Huku kuna wanyama ambao mtu wa kusini hajawahi kuwaona. Kuna punda milia mwenye mistari myembamba, tumbo jeupe na masikio ya mviringo kama vijiko. Kuna twiga ambaye madoa yake yamechorwa kama vigae. Kuna choroa mwenye pembe mbili ndefu zilizonyooka, na mbuni wa Kisomali mwenye miguu ya rangi ya samawati. Na kuna swala twiga, anayesimama kwa miguu miwili ya nyuma kama mtu ili afikie majani ya juu, naye anaweza kuishi bila kunywa maji.

Hapo ndipo penye somo la kaskazini: si kila mnyama atakuja mtoni. Tembo watakuja, na mto ukikauka watachimba visima kwa miguu na mikonga, na wanyama wadogo watakunywa baada yao. Lakini swala twiga umtafute vichakani, mbali na maji. Mwindaji aliyejua chakula cha mnyama alijua nyumbani kwake.

Kusini mashariki zaidi, upande wa Garissa, anaishi hirola, swala mwenye alama nyeupe katikati ya macho kama aliyevaa miwani. Mwaka wa 2021 walihesabiwa 497. Wafugaji wa Kisomali wa Ishaqbini ndio waliotenga ardhi yao wenyewe ili asitoweke. Usisahau jambo hilo, tutalirudia.

BONDE LA UFA: TUMIA MIGUU, TUMIA MASIKIO

Katika mbuga nyingi ukishuka garini umevunja sheria. Hell's Gate, karibu na Naivasha, ni tofauti. Unaweza kutembea au kukodi baiskeli langoni ukapita katikati ya pundamilia, ngiri na swala. Kwa wanafunzi wenye mfuko mwepesi, hakuna mahali pazuri zaidi. Utagundua kwamba mnyama anayemvumilia mtu ndani ya gari humkimbia mtu yule yule akiwa kwa miguu. Usimwendee moja kwa moja. Pita kando kama mtu mwenye shughuli zake, usimkazie macho, naye atakuacha usogee. Nyati akiwa peke yake, mpishe mbali.

Onyo moja ambalo si la mzaha: mawingu yakitanda, hata kama yako mbali juu ya vilima, usiingie kwenye korongo lenye kuta za mawe. Mafuriko ya ghafla yaliwaua vijana saba wa kanisa Aprili 2012, na Septemba 2019 yakaua tena watu saba. Msikilize mwongozaji akikuambia rudi.

Maasai Mara haihitaji kutangazwa. Kati ya Julai na Oktoba makundi ya nyumbu kutoka Serengeti huvuka mto, na magari hujazana ukingoni kama matatu kituoni. Shauri letu ni hili: waache nyumbu kwa nusu siku, utazame walinzi wa nyika. Nyamera hupanda juu ya kichuguu akasimama kama askari wa zamu. Tumbusi wakishuka kwa kasi kwenda sehemu moja, pale pana mzoga. Wakiwa wamekaa juu ya mti na hawashuki, huenda mwenye mzoga bado anakula. Kanga na kwale wakipiga kelele ghafla kichakani, kuna mtu mwenye meno anayepita. Mwindaji mzuri hana macho mawili. Ana macho ya kila ndege.

MAGHARIBI: KETI TULI

Ni ajabu kwamba watu husafiri kutoka ng'ambo kuja kuona nzohe, ilhali wakazi wa Kitale wenyewe hawamjui. Kinamasi cha Saiwa, katika Trans Nzoia, ndiyo mbuga ndogo kuliko zote nchini, kiasi cha kilomita tatu za mraba. Hakuna barabara ya gari ndani yake. Unatembea kwa miguu na kupanda minara ya mbao.

Nzohe ni swala wa majini. Kwato zake ni ndefu na hupanuka ili asizame kwenye matope. Akiogopa huingia majini akaacha pua tu nje. Huwezi kumfuata, huwezi kumzingira. Kazi yako ni kukaa kwenye mnara alfajiri au jioni, ukanyamaza nusu saa, saa nzima, pengine mbili. Mtoto wa miaka minane ataanza kulalamika baada ya dakika tano. Mwache alalamike. Siku nzohe atakapotoka kwenye mafunjo, polepole, maji yakimtiririka kifuani, mtoto huyo atanyamaza mwenyewe bila kuambiwa. Mvumilivu hula mbivu.

Kutoka hapo teremka mpaka Homa Bay, kwenye bonde la Lambwe, ndiko iliko Mbuga ya Ruma. Vaa nguo za rangi hafifu. Mbung'o wa Ruma hupenda rangi nyeusi na ya samawati iliyokoza, nao huuma kweli kweli. Watalii wachache huja hapa. Lakini hapa ndipo palipobaki makao ya mwisho nchini ya korongo. Usidhani ni yule ndege mwenye miguu mirefu. Huyu ni swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe. Mwaka wa 2021 walibaki 15.

Kumi na watano, msomaji. Unaweza kuwajaza kwenye matatu moja.

KWA MAJIRANI MAMBO NI MENGINE

Si kila nchi iliyofuata njia yetu. Tanzania ilifunga uwindaji mwaka wa 1973, ikaufungua tena mwaka wa 1978. Mpaka leo wageni wenye vibali huwinda katika mapori ya akiba kwa malipo makubwa. Uganda nayo ilipiga marufuku mwaka wa 1979, kisha miaka ya 2000 ikaruhusu uwindaji wa kibali katika sehemu chache, kuanzia eneo linalozunguka Ziwa Mburo. Wanaotetea mpango huo husema mnyama anayeleta pesa hulindwa. Wanaoupinga husema pesa hizo hazimfikii mwanakijiji. Mabishano hayo hayajaisha.

Kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, wako Wahadzabe, zaidi kidogo ya watu elfu moja, ambao baadhi yao wangali wanaishi kwa upinde, mizizi na asali. Kwao kuwinda si mchezo wala utalii. Ni chakula cha leo. Kwetu, Waogiek wa msitu wa Mau waliishi hivyo, kwa asali na nyama ya msituni, mpaka walipofukuzwa mara kwa mara. Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba serikali ya Kenya ilikiuka haki zao, na mwaka wa 2022 ikaamuru walipwe fidia. Ukipita karibu na Mau na ukaona msitu umegeuka shamba, kumbuka kwamba mwindaji hakuumaliza.

NI NANI BASI ANAYEWAMALIZA?

Hapa ndipo tunapotaka uweke gazeti chini ufikiri kidogo.

Tangu mwaka wa 1977, mwaka ule ule uwindaji ulipokatazwa, mpaka 2016, wanyama pori katika nyika za Kenya walipungua kwa asilimia 68 kwa wastani. Uchunguzi wa wanasayansi waliohesabu kwa ndege miaka yote hiyo ndio uliotoa jibu hilo. Bunduki za watalii hazikuwepo. Mishale ya Waata ilikuwa imetundikwa. Ni nani aliyewala?

Ukame ni jibu mojawapo. Kati ya Februari na Oktoba 2022 tembo 205 walikufa kwa sababu hiyo. Lakini jibu jingine liko karibu na sisi wakazi wa mijini kuliko tunavyopenda kukubali. Wale nyumbu waliokuwa wakihama kati ya Mbuga ya Nairobi na tambarare za Athi na Kaputiei walikuwa karibu 30,000 mwaka wa 1978. Kufikia 2011 walikuwa chini ya 5,000. Njia yao ilipita Kitengela. Leo Kitengela ina maduka, shule, makanisa na seng'enge. Huenda wewe mwenyewe una ploti huko, na hakuna anayekulaumu kwa kutaka kujenga. Lakini kama bado hujaweka ua, uliza kwanza kama ua wako utafunga njia ya mnyama. Na kama unatafuta ardhi, tafuta isiyokuwa ushoroba wao. Wafugaji wa Ishaqbini waliweza kumwachia hirola nafasi, nao hawana mishahara.

Jibu la tatu liko kwenye sahani. Uchunguzi uliofanywa katika mabucha ya Nairobi mwaka wa 2004 uligundua nyamapori ikiuzwa kama nyama ya kawaida. Mtu anayeweka mitego ya waya kandokando ya mbuga hawindi kwa njaa yake. Anamwindia mnunuzi wa mjini anayetaka kilo ya bei rahisi bila kuuliza imetoka wapi. Waya haubagui. Hunasa swala, hunasa mtoto wa twiga, hunasa simba aliyepita usiku. Aidha, nyama isiyopigwa muhuri wa daktari wa mifugo inaweza kukuletea kimeta nyumbani. Nunua kwenye bucha yenye kibali, tazama muhuri, na bei ikiwa rahisi kupita kiasi, ondoka.

KABLA YA KUONDOKA NYUMBANI

Beba kitambulisho chako, na watoto wabebe vya shule au vyeti vya kuzaliwa. Raia hulipa kiasi kidogo sana ukilinganisha na mgeni, lakini sharti uthibitishe. Mbuga za Shirika la Huduma kwa Wanyama Pori hulipiwa kwa njia ya mtandao kupitia eCitizen, kwa hivyo maliza shughuli hiyo kabla ya kufika langoni. Mbuga za kaunti, kama Mara na Samburu, zina taratibu zake. Ulizia mapema. Walimu wanaopeleka darasa zima waandike barua wiki kadhaa kabla.

Beba maji mengi, kofia, na darubini hata ikiwa ndogo ya kuazima. Chukua daftari moja kwa kila mtoto. Aandike saa, mahali, mnyama, na alikuwa akifanya nini. Usitupe ganda la ndizi, usimpe nyani mkate, na usimwambie dereva amkaribie tembo mwenye mtoto. Picha nzuri haina thamani ya maisha.

Kama una mzazi au babu aliyekulia mashambani, mwende naye. Usimketishe nyuma. Mpe kiti cha mbele, umwachie aseme dereva asimame wapi. Pengine hajashika upinde kwa miaka hamsini, na pengine hajui kupiga picha kwa simu. Lakini atakapoinua kidole na kusema kwa sauti ya chini, "Pale, chini ya mgunga wa tatu," muamini. Kisha mwambie mjukuu aliye nyuma amuulize, "Babu, umejuaje?"

Jibu lake liandikwe kwenye daftari. Wanyama wanahesabiwa kwa ndege, lakini wanaojua kuwatafuta hakuna anayewahesabu, nao wanapungua kila mwaka.